Maji, luku, taka na shimo la choo: miaka mitatu yangu Moshi mjini

Wiki hii watu wawili wameniuliza kuhusu kuhamia Moshi, mmoja yuko Dar mwingine Dodoma, na wote swali lao lile lile, chumba na sebule bei gani, nyumba nzima bei gani. Hakuna aliyeuliza maji yanatokaje, taka zinaenda wapi, choo kikijaa anapigiwa nani. Na mi siwalaumu manake nilikuja hivyo hivyo, nikaangalia marumaru na madirisha ya aluminiamu, nikalipa kodi ya miezi sita siku hiyo hiyo. Sasa miaka mitatu imepita, nimekaa nyumba mbili tofauti, moja ya barabarani na hii ya sasa ya kichochoroni, kwa hiyo nina ya kusema na nayasema kwa nia njema kabisa.

Nianze na maji, hapo Moshi nawapa tisa kwenye kumi na sibabaishi. Wale mliokaa Dar kwenye nyumba za visima mnajua maji ya chumvi yalivyo, unafua sabuni haitoi povu, sufuria ya chai inaota ukoko mweupe ndani. Huku maji yanatoka kwenye chemchemi za chini ya mlima, kama Nsere na Shiri, na sehemu kubwa yanashuka mjini kwa mserereko, yaani mlima wenyewe ndo pampu. Maana yake ni kitu ambacho mtu wa mji mwingine anaweza asikielewe haraka, umeme ukikatika bomba linaendelea kutoka. Mwezi wa kwanza nilikuwa najaza madumu kila nikisikia umeme umeenda, ndo mazoea niliyotoka nayo, mpaka mama mwenye nyumba akanikuta nahangaika na ndoo akaniambia mwanangu unahangaikia nini, huku maji hayategemei umeme. Wanaohudumia ni MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, na kwa upande wangu mambo yao yameenda sawa, msoma mita anapita, meseji ya bili inakuja kwenye simu na kontroli namba yake, unalipa umekaa kitini, foleni hamna.

Kitu kimoja tu nawaomba mjifunze, kusoma mita yenyewe. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo hamsini za lita ishirini. Kuna mwezi bili yangu ilipanda karibu mara mbili na nyumbani tuko watatu tu na hakuna mgeni aliyekuja. Jirani ni fundi bomba, akaniambia leo usiku wakishalala wote funga koki zote kisha nenda na tochi kaangalie kale kagurudumu kadogo kwenye mita. Nikaenda saa tano usiku, nikainama pale kwenye kiboksi, kagurudumu kanazunguka taratibu kabisa kama mshale wa saa, na nyumba nzima kimya. Kumbe ni choo cha ndani, raba ya ndani ya tanki imeisha, maji yanateleza ukutani mwa bakuli bila sauti, huyaoni mpaka uweke kipande cha tishu pale uone kinalowana. Raba yenyewe bei ya soda mbili tatu, na mwezi uliofuata bili ikarudi pale pale. Kwa hiyo kabla hujaenda kugombana na mtu anza na kagurudumu.

Umeme sina maneno mengi, TANESCO ni ile ile ya nchi nzima na luku ni ile ile, ila naona watu wanaohamia nyumba za kupanga wanachanganyikiwa na hesabu. Ukiwa kwenye tarifu ya kawaida uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT na makato mengine inafika kama 356, ndo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na kidogo. Lakini ukinunua mara ya kwanza kwenye mwezi unakuta umepata 23 na ushee, unaanza kusema mita mbovu. Sio mita, hiyo ni kodi ya jengo, ilianza kukatwa kwenye luku mwaka 2021 kwa elfu moja na toka 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, sio yako mpangaji, kwa mwaka inafika elfu kumi na nane, kwa hiyo wakati wa kulipa kodi ya pango mwambie kwa heshima kabisa, baba naomba tupunguze hii manake nimeshakulipia kwenye luku. Wangu alikubali bila shida, aliomba tu nimwoneshe zile meseji, kwa hiyo msizifute. Na kama nyumba yako inatumia kidogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, ulizia ile tarifu ya chini ambayo uniti ni shilingi mia kabla ya makato, kwa mama anayeishi peke yake na taa tatu na redio ni nafuu kubwa sana.

Haya sasa tuje kwenye taka, hapa ndo nataka tukae kidogo.

Sifa ya usafi ya Moshi sio maneno ya kujifurahisha. Mji umeshaongoza mashindano ya kitaifa ya usafi mara nyingi, na ukishuka stendi ukatupa ganda la muwa chini kuna mtu atakuambia okota, sio askari, ni mtu tu na pilikapilika zake. Faini ya elfu hamsini hata watoto wa shule wanaijua. Ukipita katikati ya mji asubuhi sana unawakuta akina mama wa kufagia wameshamaliza, mifereji imezolewa mchanga, mapipa yamemwagwa. Nilivyokuwa nyumba ya kwanza, ile ya barabarani, huduma ilikuwa ya kupigiwa mfano, Jumanne na Jumamosi lori linakuja, honi tatu, unatoa salfeti lako, wanapakia, elfu tatu kwa mwezi, risiti ya mashine, kwisha. Ningeandika siku zile ningewapa tisa na wenyewe.

Halafu nikahamia huku kichochoroni. Ni mtaa mzuri, migomba kila upande, mlima unauona asubuhi mpaka raha, ila kutoka barabara kubwa mpaka kwetu ni kama mita mia tatu za njia nyembamba inayoshuka kuelekea bondeni, na lori haliingii. Linaishia kwenye mwembe kule juu. Kikundi cha kuzoa taka cha huku ni kingine, ada ni ile ile elfu tatu, ila wewe ndo unapandisha salfeti lako mpaka mwembeni, na ukisikia honi ukachelewa dakika tano umekuta vumbi tu. Mi nina miguu mizima, naweza. Jirani yangu ni bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi na mjukuu wa darasa la tatu, na nimemwona kwa macho yangu anapanda ile njia na salfeti kichwani, anasimama mara mbili kushika ukuta wa watu apumue, na analipa elfu tatu sawa na mimi na sawa na yule wa barabarani anayetoa mlangoni.

Aprili iliyofuata masika yakaja na nguvu na lori likaacha kuja kabisa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa chukua taka za nyumba ishirini ziko kwenye masalfeti chini ya mwembe, mvua inanyesha kila siku, mbwa wanapasua usiku, pampasi zimevimba maji, funza wanatembea mpaka kwenye geti la watu. Mvua kubwa ya usiku mmoja ikazoa zile taka ikazishusha na kichochoro, mtaro ukaziba, na maji yakaingia jikoni kwa familia moja ya chini kule wakaamka sufuria zinaelea. Tulishinda na mapanga na makoleo tunazibua, maganda, mifuko ya rambo ambayo hata sijui ilitoka wapi manake imepigwa marufuku tangu Juni 2019, chupa, nywele za saluni zimejisokota kama kamba. Harufu yake ilikaa mikononi siku mbili.

Na wiki hiyo hiyo, kijana wa kukusanya hela akaja na mashine yake mlango kwa mlango. Mi nilikuwepo alivyofika kwa bibi. Kijana akamwamkia vizuri tu, shikamoo bibi. Bibi akaitikia, marahaba mjukuu wangu, umeleta gari? Akasema hapana bibi nimeletwa kuchukua hela ya mwezi. Bibi akamwangalia, akasema hela ninayo, iko hapa kwenye kitenge, lakini naomba kwanza uje unioneshe ulichochukua. Yule kijana akainamisha kichwa, na kusema kweli nilimwonea huruma manake yeye katumwa, waliomtuma hawajawahi kushuka ile njia hata siku moja.

Hapo ndo nikaelewa tatizo liko wapi. Hela inakusanywa kwa idadi ya nyumba lakini taka zinakusanywa kwa urefu wa barabara. Anayehesabu hela anafika kila mlango, kwa mguu, mpaka kwa bibi. Anayechukua taka anaishia lami inapoishia. Na hilo nadhani sio la Moshi tu, ila huku linaonekana zaidi kwa sababu sehemu nyingine ni safi mno, unatoka kwenye barabara imefagiwa mpaka inang'aa, unaingia mita mia tatu ndani unakuta mji mwingine kabisa.

Tulienda kwa mwenyekiti wa mtaa, kaya kumi na moja, tukaongea bila kelele. Mwenyekiti akaita kikao, afisa afya akaja, kikundi wakaleta mtu wao. Walieleza upande wao na sio uongo wote, lori likizama tope ni gharama, na kaya nyingi hazilipi. Makubaliano yakawa vijana wawili wa mtaani wenye toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, washushe na kupandisha, kila nyumba inaongeza elfu moja ya vijana, wazee wanaoishi peke yao hawaongezi, sisi wengine tunawabebea. Tangu siku hiyo taka zinatoka. Toyo inaingia mpaka kwenye geti la bibi, yule mjukuu anakimbia kusaidia kusukuma kwenye kona. Huduma ya barabarani naipa nane, ya kichochoroni kama ilivyokuwa kabla ya toyo naipa tatu, na ya sasa naipa saba, na moja ya hizo saba ni ya wale vijana peke yao.

Na tangu nianze kuongea na wale vijana nimejifunza kingine kuhusu salfeti langu mwenyewe. Mmoja alinionesha kiganja, kovu la kutoka kidole gumba mpaka karibu na kifundo, kioo cha glasi iliyovunjika mtu alichanganya na majani ya chai, glavu haikusaidia kitu. Mwingine aliwahi kupewa salfeti lina jivu la mkaa bado lina moto ndani, likashika juu ya toyo. Kwa hiyo jamani glasi ikivunjika ifunge kwenye gazeti na boksi uandike hata kwa peni, jivu limwagie maji lilale siku nzima ndo ulitoe.

Nyumbani kwangu sasa natenga. Mji huu wa ndizi, ukichunguza taka za nyumba ya kawaida sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, majani ya mboga, mabaki ya ugali, na hivyo vyote ni chakula cha ng'ombe au nguruwe. Wazee wa huku wanajua siku nyingi, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, hakuna ganda linalotupwa, ng'ombe yuko bandani anakula maganda, samadi inarudi kwenye mgomba. Sisi tuliokuja mjini ndo tunayafunga kwenye mfuko, tunayalipia, yapelekwe dampo Kaloleni yakaoze juu ya plastiki. Nina ndoo mbili nyuma ya jiko, moja maganda, jirani mwenye ng'ombe anaichukua kila jioni na saa nyingine narudishiwa maziwa nusu lita, nyingine chupa na makopo, kuna mama anapita Ijumaa anazipima kwa kilo. Salfeti nililokuwa najaza mara mbili kwa wiki sasa halijai kwa wiki nzima, na halinuki kwa sababu kinachooza hakimo. Pampasi tu ndo sijapata jibu lake, hazichukuliwi na yeyote, zinaenda hivyo hivyo.

Mwisho kabisa ni choo, watu wanaona aibu kuandika lakini ndo kitakachokutoa hela nyingi kwa mpigo mmoja. Sehemu za katikati ya mji na baadhi ya mitaa zina mfumo wa majitaka, nyumba imeunganishwa, unalipia kwenye bili ya maji na unasahau. Majitaka yanaenda Mabogini kwenye mabwawa, na nimeenda kuyaona, mi napenda kujua kitu kinaishia wapi. Hamna mtambo wa kutisha kule, ni mabwawa yanayofuatana, la kwanza refu kwenda chini tope linatulia na kuoza bila hewa, halafu yanayofuata ni ya kina kifupi, jua na ule ukijani wa majini vinafanya kazi ya kuua vijidudu siku kwa siku, na maji yanayotoka mwisho wakulima wa mpunga wanayatumia mashambani. Nilisimama pale ukingoni naona ndege weupe wamejaa na mpunga wa kijani kwa mbali, nikawaza kumbe mji unaweza kunywa maji ya mlima juu na kulima mpunga chini kwa maji yale yale.

Ila nyumba zetu za pembeni ni septiki na karo, yaani mashimo ya choo ya nyumba yenyewe, na yakijaa unaita gari la kunyonya. Hapa kuweni macho. La kwanza nililoita ni la mtu binafsi, nilipewa namba na bodaboda, akaja usiku saa mbili, tukakubaliana tripu moja, akanyonya kama dakika kumi akasema shimo limeisha. Nikafunua mfuniko na tochi, bado lina karibu robo na lile tope zito lote la chini hajaligusa. Akaniambia hilo halivutiki, na hela alishachukua. Nilivyomuuliza anaenda kumwaga wapi akaniambia hiyo kazi niachie mimi. Sikulala vizuri, manake chini yetu kuna mto na kuna watoto wanaogelea. Shimo lilijaa tena baada ya miezi minne.

Wa pili nilimpata kwa kuuliza wenye nyumba watatu, na nilimuuliza maswali kabla hajawasha gari. Anamwaga wapi, akajibu Mabogini bila kufikiri. Atafanyaje na tope la chini, akasema analilegeza kwanza kwa maji na mti mrefu ndo ananyonya, na ndivyo alivyofanya, mchana kweupe, mfuniko wazi, akaniita nichungulie kabla sijalipa. Nikaona sakafu ya shimo. Imepita mwaka na nusu na halijajaa.

Na huyo wa pili mpira wake una urefu wake, ukizidi hapo hafiki. Alisimamisha gari kwa jirani wa juu, akaunga mipira mitatu ipite uani kwa watu wawili ndo ikafika kwangu, na walikubali kwa sababu tunajuana. Kwa hiyo ndugu zangu wa Dar na Dodoma, mkija kuangalia nyumba Moshi njooni na futi kamba, mpime njia kwanza, lori linaingia au toyo tu, mfuniko wa septiki uko wapi na umezibwa na marumaru au la, mita ya maji iko ndani ya geti lako au mnachangia watu sita. Marumaru yapo kila nyumba siku hizi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa nayo mpaka jikoni, na mfuniko wa septiki ulikuwa chini yake, tulivunja vigae nane kuupata.